Tafakuri na kazi ya pamoja kwa mwalimu wa awali: maswali tunayoulizwa kila muhula

Majibu haya ni kwa walimu tarajali wanaosomea elimu ya awali, kwa walimu walezi wanaowapokea shuleni wakati wa BTP (mazoezi ya kufundisha), na kwa wakufunzi wenzangu. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofundisha. Kenya, Japani na Italia nimeziingiza pale tu zilipo na la kutufunza.

Tafakuri si ile "Tathmini ya mwalimu" iliyo mwishoni mwa andalio la somo?

Ilitakiwa iwe hiyo. Lakini tuambizane ukweli. Fungua andalio lolote, shuka hadi chini, utakuta: "Somo limeeleweka vizuri. Asilimia 80 ya watoto wameweza kuhesabu 1 hadi 5." Nimewahi kuyaona maneno hayo yameandikwa asubuhi, kengele bado haijagongwa, kwa kalamu ileile iliyoandika tarehe. Nami niliyaandika sana nilipokuwa chuoni, kwa hiyo simcheki mtu. Ila hiyo asilimia 80 sijawahi kukutana na aliyeihesabu.

Tafakuri huanza pale mwalimu anapojiuliza jambo ambalo jibu lake hana. Watoto wa mkeka wa nyuma wameimba namba mpaka 10 bila kukosea; nilipowaambia wanipe vizibo vinne, wakanimiminia vyote. Kulikoni? Hapo ndipo pa kukaa. Unasema ulichokiona, unakisia sababu, unaamua kesho utabadili nini, na keshokutwa unarudi kuangalia kama badiliko hilo lilisaidia. Hii ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka, na bila hiyo zilizotangulia ni soga tu.

Usichanganye pia na ile hatua ya somo iliyoitwa "Tafakuri" katika maandalio ya muundo wa zamani, iliyokuja baada ya kuimarisha maarifa. Ile ilikuwa ya wanafunzi. Tunayoizungumzia hapa ni ya mwalimu.

Kwa nini mwalimu wa awali ahimizwe kutafakari zaidi kuliko wa darasa la saba?

Mwalimu wa darasa la saba ana mtihani wa taifa utakaomwambia, hata kama kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka mitano hana karatasi ya majibu. Akiwa hajaelewa hatakuambia hajaelewa: atasinzia, atamng'ata mwenzake, ataomba kwenda chooni mara ya tatu ndani ya nusu saa. Mwalimu asiyezoea kuusoma mwenendo huo ataandika "mtundu" na kuendelea na somo.

Halafu kuna hali zenyewe za kazi. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliweka uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwaka huohuo elimu bila ada ilianza kutekelezwa, na watoto walioandikishwa awali wakapanda kutoka takriban milioni 1 mwaka 2015 hadi takriban milioni 1.5. Mwalimu akatoka chuoni na mbinu za watoto 25, akafika akakuta 80 wamekaa sakafuni. Hakuna moduli inayoweza kumwandaa mtu kwa kila darasa atakalolikuta. Unachoweza kumpa ni tabia ya kulichunguza darasa lake mwenyewe, na wenzake wa kulichunguza naye.

Wazo hili limetoka wapi? Ni la wafadhili?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na walimu wakongwe waliokwisha kuona miradi ikija na mabango na kuondoka nayo.

Katika vitabu vya ualimu utakutana na Mmarekani John Dewey, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba fikra ya kweli huanzia kwenye jambo linalotutatiza, na Donald Schön, ambaye mwaka 1983 alitofautisha kutafakari ukiwa ndani ya tendo na kutafakari baada ya tendo kupita. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu. Kusitisha wimbo katikati kwa sababu umeona watoto wamechoka ni tafakuri ya kwanza. Kujiuliza jioni kwa nini walichoka saa tatu asubuhi (pengine hawakunywa uji) ni ya pili.

Italia wana mji wa Reggio Emilia. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, wanakijiji wa jirani na mji huo walijenga shule ya watoto kwa fedha walizopata kwa kuuza kifaru, malori na farasi vilivyoachwa na Wajerumani. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alipopata habari alipanda baiskeli kwenda kujionea, akabaki na kazi hiyo maisha yake yote. Katika shule zilizotokana na moyo huo darasa moja lina walimu wawili wenye hadhi sawa, na wanaandika na kupiga picha watoto wanapofanya kazi ili wakae wajadili walichokiona. Huo uwili ndio ninaouonea wivu, kuliko yale majengo yao mazuri.

Nyumbani Afrika Mashariki nako tulikuwa na yetu. Miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kuwafunza akina mama wa mitaani kuwa walimu wa shule za awali za madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Kazi hiyo ikavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mafunzo hayakuishia kwenye semina: mkufunzi alimfuata mwalimu darasani kwake, akakaa naye, akarudi tena na tena. Na chini ya mfumo wa DICECE wa Kenya, yaani vituo vya wilaya vya elimu ya watoto wadogo, walimu walisoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba kwa miaka miwili, na muhula ukifunguliwa walirudi madarasani kwao kujaribu walichofundishwa. Kwa hiyo mkisikia hili ni jambo la kuletwa, waulizeni walimu wa Kibokoni, Mombasa.

Nianzeje daftari la tafakuri? Nikikaa kuandika, naishia "leo somo lilikwenda vizuri".

Punguza. Usiandike somo zima, andika mtoto mmoja au tukio moja. Huu hapa mfano niliouunda kwa ajili ya darasani, lakini kila mkufunzi atautambua:

"Jumanne, kona ya duka, watoto 6. M. hakusema neno. Alipanga makopo kuanzia dogo hadi kubwa, akayahesabu kwa kidole. Jana nilimwandika 'mpole'. Kwao wanaongea Kisukuma tu. Je, ni mpole, au hajapata Kiswahili cha kununulia? Kesho nimkalishe na mwenzake anayejua lugha zote mbili, nami ninyamaze dakika 5 niangalie."

Mistari saba. Tazama kilichomo: kuna alichokiona kabla hajahukumu, kuna neno lake mwenyewe la jana analolitilia shaka, na kuna jambo la kufanya kesho ambalo halihitaji bajeti. Kitu ninachokipenda zaidi ni "nami ninyamaze". Walimu wa awali tunaongea mno. Mtoto akichelewa kujibu sekunde tatu tumeshamjibia.

Wanaopenda hatua watakuta chuoni mzunguko wa tafakuri wa Mwingereza Graham Gibbs wa mwaka 1988: eleza tukio, hisia zako, zuri na baya lake, sababu, hitimisho, na mpango wa safari ijayo. Unafaa kwa kuanzia. Ukiutumia kila siku kwa mihula miwili utageuka fomu, na fomu tunazijua zinavyojazwa.

Mkufunzi analisoma daftari langu na kulitia alama. Niandike ukweli kweli?

Ukiniuliza kama mwenzako, nitakuambia ungekuwa mjinga kuandika kwamba ulimfinya mtoto halafu ukamkabidhi mtu anayeshika kalamu nyekundu. Na hapo ndipo vyuo vingi tunapojikwaa. Tunaomba ukweli, tunatoza ukweli.

Vyuo vina namna mbili za kutokea hapo. Ya kwanza, daftari libaki mali ya mwalimu tarajali. Mwisho wa BTP anachagua kurasa mbili tatu anazotaka kuzijadili, hizo ndizo zinazosahihishwa. Ya pili, alama zitolewe kwa kuonyesha badiliko: ulijaribu nini, kikashindwa vipi, ukageuza nini. Aliyekiri kushindwa na kufuatilia apate zaidi ya yule ambaye masomo yake 30 yote "yameeleweka vizuri". Mimi nafuata ya kwanza. Kurasa ninazoletewa zimepungua, ila sasa nazisoma.

Jambo moja halina siri: kumuumiza mtoto. Hilo likitokea au ukiliona, linapelekwa kwa mwalimu mkuu, halingoji daftari.

Kushirikiana maana yake nini hasa? Si tunakopeshana maandalio tayari?

Kukopeshana maandalio ni kunakili. Namna ninayoiamini kuliko zote ni ile ambayo Wajapani wamekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 100, ya walimu kulichunguza somo kwa pamoja. Walimu watatu au wanne wanachagua jambo moja linalowasumbua, wanapanga somo moja kwa pamoja, mmoja analifundisha, waliobaki wanatazama, kisha wanakaa, wanalirekebisha, na mwingine analifundisha upya kwa kundi jingine. Kenya ilipoanza mradi wa SMASSE na Wajapani mwaka 1998, kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, mzunguko wake ulikuwa uleule: panga, fanya, angalia, boresha. Awali tunauhitaji zaidi yao.

Siri iko kwenye neno "wanatazama". Hawamtazami mwalimu. Kila mtazamaji anapewa watoto watatu au wanne, anakaa pembeni yao chini kwenye mkeka, anaandika wanachofanya na kusema. Kwa hiyo mjadala ukianza hakuna wa kusema "sauti yako ilikuwa ndogo" au "ubao hukuugawa vizuri". Watasema: "Hawa wangu watatu walikaa dakika 11 wakisubiri gundi."

Hizo dakika 11 hazikutoka hewani. Kundi moja la walimu tarajali walipanga somo zuri la kubandika maganda ya karanga juu ya umbo la samaki. Zana walikesha wakizitengeneza. Aliyefundisha alitoka akiwa amefurahi, na kweli kutoka mbele darasa lilionekana limetulia. Utulivu ule ulikuwa foleni: chupa ya gundi ilikuwa moja. Siku ya pili wakakoroga uji mzito wa muhogo, wakaugawa kwenye vifuniko vinane, kila kundi chake. Somo lilelile, samaki walewale, na safari hii watoto walikuwa na muda wa kubishana samaki yupi ana magamba mengi. Ubishi huo ndio uliokuwa hesabu ya siku ile.

Aliyefundisha aseme kwanza kwenye kikao, wengine wafuate. Na mkishazoea, mtaanza kusema "somo letu".

Nitamwambiaje mwalimu mkubwa kwangu kwamba jambo fulani halikwenda sawa? Namwamkia shikamoo, ni sawa na mama yangu.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye ukurasa huu, na vitabu kutoka nje havina jibu lake. Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa, na sidhani kama tunahitaji kuitupa adabu hiyo ili tufundishe vizuri. Inatosha kujua njia zake.

Uliza, usitoe hukumu: "Mama, naomba unifundishe, yule mtoto wa dirishani leo uliona anafanya nini?" Mara nyingi atajibu, "Sikumwona." Mmeshafika, huna haja ya kuongeza. Njia nyingine ni kuanza na kosa lako mwenyewe. Njia ya tatu, na ndiyo bora, ni kuleta ushahidi usio na mwenyewe: mchoro wa mtoto, hesabu ya dakika, maneno ya mtoto ulivyoyasikia. Karatasi haina umri.

Wakubwa nao wana lao. Mwalimu mlezi akisema mbele ya kikao, "Jana nilifundisha vibaya, nisaidieni," amefungua mlango ambao kijana asingeweza kuusukuma peke yake. Nyani haoni kundule, lakini anaweza kugeuka na kumwomba mwenzake amwangalizie.

Kitu kimoja kisijadiliwe: kukosoana mbele ya watoto. Hapana.

Shule yetu ina mwalimu mmoja tu wa awali, ambaye ni mimi. Nishirikiane na nani?

Na mwalimu wa darasa la kwanza kabla ya yeyote, kwa sababu watoto wako wanakwenda kwake Januari. Mwombe aje atazame nusu saa, nawe uende kwake. Mtashangaa jinsi mnavyofundisha herufi zilezile kwa namna zinazopingana.

Pili, kuna vikao vya jumuiya za kujifunza vilivyo chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Malalamiko ninayoyasikia ni kwamba ajenda hubebwa na madarasa ya mtihani na mwalimu wa awali anakaa pembeni akisahihisha. Usingoje ajenda. Nenda na tukio lako moja kutoka daftarini, omba dakika 10. Ngazi ya kata mnaweza kuwa watano au sita wa awali. Kundi la WhatsApp linatosha, mradi lisijae salamu za Jumapili njema.

Wa tatu ni mzazi, au bibi anayemleta mtoto. Anajua kwa nini M. haongei.

Watoto 90, mwalimu mmoja. Muda wa kutafakari utoke wapi?

Hautapatikana, usidanganywe. Itabidi uuibe. Chagua watoto watatu kwa siku na uwaangalie hao tu kwa makusudi. Ndani ya siku 30 za masomo umewapitia wote 90, jambo ambalo huwezi kulifanya ukijitahidi kuwaona wote kila siku. Andika maneno mawili nyuma ya daftari la mahudhurio wakati wa uji, yapanue jioni. Na kama wiki fulani hukuandika chochote kwa sababu umechoka, hukuandika. Tusije tukamgeuzia mwalimu tatizo la upungufu wa walimu kuwa tatizo lake la kutotafakari.

Mwalimu mlezi afanye nini wakati wa BTP?

Asimwachie mwalimu tarajali darasa siku ya kwanza na kwenda kunywa chai. Hutokea, wote tunajua. Wiki ya kwanza wafundishe pamoja, mmoja akiongoza hadithi mwingine akikaa kati ya watoto, kisha wabadilishane. Baada ya kila siku, dakika 15 za mazungumzo zinazoanza kwa "Umeona nini?" na si kwa "Umekosea hapa". Mkufunzi wa chuo akija kukagua, awaone wote wawili kwa pamoja, maana mlezi anayo mengi ambayo yeye kwa ziara moja hawezi kuyaona.

Watoto wenyewe wanaweza kutafakari?

Wanaweza, na wanapenda. Katika shule za awali za madrasa mtoto husema atacheza nini, anacheza, kisha anaeleza alichofanya. Usiwaulize "mmejifunza nini leo?", watakujibu kwa pamoja jina la somo. Uliza: "Nyumba yako ilianguka, ulifanyaje?"

Naweza kujirekodi kwa simu?

Video inafundisha kuliko mkufunzi yeyote. Utajiona unavyowapa kisogo watoto wa kushoto mwaka mzima. Omba ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi, itazameni wawili watatu, kisha ifute. Isiende mtandaoni, hata kama watoto wamependeza.

Niandike kwa lugha gani?

Ile unayoota nayo.

Nina miaka 19 kazini. Nikitafakari na kugundua nimekuwa nikikosea muda wote huo, nifanyeje?

Mwalimu mmoja aliniuliza hivi faragha baada ya kikao cha kata. Tangu aanze kazi alikuwa akiwahamisha watoto chaki kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, kama alivyofanyiwa yeye, kwa nia njema, maana kushoto ni mkono usio wa heshima. Siku hiyo mwenzake aliyekuwa anatazama alisoma alichoandika kuhusu mtoto mmoja: "Akishika chaki kulia anaandika mistari miwili halafu anaiweka chini. Mwalimu akigeuka, anaichukua kwa kushoto, anachora, na anatabasamu."

Alitaka kujua wale wa nyuma, ambao sasa ni watu wazima, atawafanyia nini. Sikuwa na la kumwambia kuhusu hao. Nilimuuliza huyu wa sasa anakaa wapi darasani. Akasema mkeka wa pili, karibu na mlango. Jumatatu yake alimwachia chaki, na akamhamishia kwenye ncha ya kushoto ya mkeka ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani.